Kivuli Kilichomezwa na Kamera: Uchambuzi wa Mchoro Mmoja wa Pasteli

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mchoraji aliyejifunza kazi mwenyewe, ambaye alirudi safarini akiwa na picha moja aliyoipenda kuliko nyingine zote, akaamua kuifanya mchoro wa pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu ya unga. Mchoro wa kwanza ulifanana na picha hiyo kwa kila kipimo unachoweza kukitaja, ila haukufanana hata kidogo na jioni ile aliyosimama juu ya ngazi akiitazama bahari. Aliuweka kando, kisha akachora upya kutoka kwenye picha ileile, kwa vijiti vilevile kwa sehemu kubwa, na mara hii kazi ikasimama. Nimepata nafasi ya kuiweka michoro yote miwili ubavuni mwa picha iliyoizaa, na maoni yangu ni kwamba mkono wake haukubadilika sana kati ya ule wa kwanza na ule wa pili. Kilichobadilika ni namna alivyokisoma kivuli.

Picha yenyewe

Picha ilipigwa kwa simu iliyoshikwa wima, kutoka juu ya kichochoro cha ngazi za mawe kinachoteremka hadi kwenye bandari ndogo. Pande zote mbili kuna kuta za nyumba za zamani, mwisho wa ngazi unaonekana mkato wa bahari, na ng'ambo ya ghuba kuna kilima kirefu. Jua lilikuwa limeshuka. Lilipenya kutoka kulia, katika pengo lililo kati ya nyumba mbili, likauangaza ukuta wa kushoto kwa bapa moja la mwanga, huku sehemu nyingine zote za kichochoro zikibaki kivulini. Watu wawili wanapanda ngazi, mmoja wao akiwa amevaa koti jekundu. Zipo pia nyaya za umeme zinazokatiza anga, bomba la maji ya mvua, na kiti cha plastiki kilichoachwa mlangoni.

Mandhari ya namna hii huishinda kamera kwa sababu inayoeleweka. Kati ya ukuta unaopigwa na jua na mlango ulio ndani ya kivuli, kiasi cha mwanga kinaweza kutofautiana mara mamia. Jicho humudu tofauti hiyo kwa kuwa halitazami vyote kwa mara moja: mboni hupanuka linapoelekea gizani na kubana linaporudi kwenye mwanga, na anayetazama huondoka akiamini kwamba aliviona vyote kwa pamoja. Kamera inayopiga mara moja huchagua kiwango kimoja cha mwanga kwa ajili ya fremu nzima. Simu hii ilichagua katikati, ikapoteza pande zote mbili, kwa maana bapa la mwanga lilitoka jeupe tupu lisilo na alama hata ya jiwe moja, na vivuli vikatoka vyeusi. Faili ya kawaida ya JPEG huigawa kila moja ya rangi zake tatu katika ngazi 256, na kivuli cha picha hii kilikuwa kimebanwa katika ngazi chache za chini kabisa. Ndiyo maana mchoraji alipojaribu kukiangaza kwa programu alipata chembechembe na madoa badala ya mawe na milango.

Niseme kwa kupita kwamba simu nyingi za sasa hukwepa tatizo hili kwa kuunganisha picha kadhaa zenye viwango tofauti vya mwanga, na kwa mchoraji dawa hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa. Kivuli huinuliwa na mwanga hushushwa mpaka vinakaribiana, na jioni inageuka kuwa saa isiyojulikana ya mchana. Kivuli cheusi angalau kinajitangaza kuwa kuna kitu kimepotea, ilhali kivuli kilichoinuliwa kwa hesabu za programu kinaonekana kamili na mtu hukinakili bila shaka yoyote.

Kulikuwa na mapungufu mengine matatu, mepesi kuyarekebisha kwa anayeyajua. Simu hujipimia weupe yenyewe, na inapokutana na mwanga wa jioni huupunguza wekundu kana kwamba ni kosa. Ukuta ambao machoni ulikuwa na rangi ya asali ulitoka kama krimu iliyopauka. Lenzi kuu ya simu nyingi ina upana unaolingana na milimita 24 hadi 28 kwa kipimo cha filamu ya 35 mm, upana ambao huingiza mengi ndani ya fremu lakini huvifanya vya mbali kuwa vidogo kuliko mtu alivyovihisi. Kilima kilichotawala ghuba nzima kikawa ukanda mwembamba usio na heshima. Tatu, simu ilikuwa imeinamishwa kuelekea chini, na kwa hiyo kuta zilizosimama wima zilionekana zikikaribiana chini, upeo wa bahari nao ukapanda juu ya katikati ya picha.

Mchoro wa kwanza

Mchoraji alianza na karatasi ya Canson Mi-Teintes ya kijivu, iliyokatwa sentimita 30 kwa 40. Uwiano wa vipimo hivyo ni tatu kwa nne, sawa kabisa na uwiano wa picha za simu nyingi, na ulinganifu huo ulimpa raha ya bure: fremu nzima iliingia kwenye karatasi bila yeye kuulizwa chochote. Alipiga gridi juu ya picha na juu ya karatasi, akahamisha mistari mraba kwa mraba, kuta zilizoinama zikiwemo, nyaya zikiwemo, na kiti cha plastiki kikiwemo. Gridi ni chombo kizuri cha kupata vipimo, lakini haichagui, na katika hatua hii ya kazi kuchagua ndiko kulikohitajika zaidi.

Kisha akachukua kijiti cheusi, akajaza vivuli. Hapa ndipo mchoro ulipoanza kufa, na ili ieleweke kwa nini, lazima tukumbuke pasteli ni kitu gani. Kijiti cha pasteli laini kimetengenezwa kwa unga wa rangi, kijazio kama chaki au kaolini, na gundi kidogo mno, mara nyingi ile iitwayo traganti, ya kutosha tu kukishikilia kisivunjike mkononi. Hakuna mafuta wala maji ya kuichanganyia rangi pembeni. Rangi huchanganyika juu ya karatasi yenyewe, tabaka juu ya tabaka, na idadi ya matabaka inategemea mkwaruzo wa karatasi unaoshika unga. Mi-Teintes, yenye uzito wa gramu 160 kwa mita ya mraba, ina nyuso mbili, mmoja wenye vishimo kama vya sega la nyuki na mwingine ulio laini zaidi. Ni karatasi ya kuheshimika, lakini haibebi matabaka mengi. Mchoraji aliukandamiza weusi mpaka ukaziba vishimo vyote, akausugua kwa kidole ili uwe sawasawa, na tangu hapo kila rangi aliyoiweka juu iliteleza au ilichanganyika na weusi ule ikawa tope.

Upande wa mwanga ulipata msiba wa namna nyingine. Kwa kuwa picha ilionyesha ukuta mweupe, aliuweka mweupe, akitumia kijiti cheupe kuliko vyote alivyokuwa navyo. Matokeo yalikuwa ukuta uliopakwa chokaa, usio na jua lolote juu yake. Jambo hili huwashangaza wengi, kwamba mtu aweke rangi angavu kuliko zote na bado asipate nuru, lakini sababu ipo wazi. Tofauti kati ya karatasi nyeupe na rangi nyeusi kabisa, zikitazamwa katika mwanga wa chumba, ni ya mara makumi tu, na haifikii mamia ya nje. Mchoraji hana jua katika sanduku lake. Alichonacho ni uhusiano kati ya rangi moja na jirani yake, na nyeupe iliyokaa karibu na nyeusi haimwambii mtazamaji lolote zaidi ya kwamba hii ni nyeupe na ile ni nyeusi. Nuru ya jioni ina rangi, na ukuta unaoipokea hauna budi kuwa na rangi, hata ikibidi uwe na giza kidogo kuliko picha inavyodai.

Ninapoutazama mchoro huo leo sioni uzembe wowote. Mistari ni safi, vipimo ni sahihi, na kiti cha plastiki kimechorwa vizuri kuliko kitu kingine chochote, jambo ambalo peke yake linatosha kueleza mahali macho ya mchoraji yalipokuwa.

Kivuli kinatoka wapi

Mgeuko wa kisa hiki ulianzia kwenye picha ya pili ambayo mchoraji alikuwa ameidharau. Alipokuwa juu ya ngazi alikuwa amegusa sehemu yenye giza kwenye skrini, simu ikaongeza mwanga kwa ajili ya sehemu hiyo, na picha ikatoka ikiwa na anga jeupe, bahari iliyotoweka, na ukuta wa kushoto uliogeuka mweupe wote. Kwa kumbukumbu ya safari ilikuwa picha mbovu. Kwa mchoro ilikuwa shahidi aliyekosekana, kwa sababu ndani yake kivuli kilifunguka: vidato vya ngazi vilikuwa na samawati iliyokolea, ukuta wa kulia ulikuwa na hudhurungi yenye wekundu kama wa kutu, na chini kabisa, karibu na bandari, palikuwa na kijani hafifu ambacho sikutarajia na ambacho hata sasa nadhani kilitoka kwenye majani yasiyoonekana ndani ya fremu.

Rangi hizo hazikuwa bahati nasibu. Mahali jua lisipofika bado panafikiwa na mwanga wa namna mbili, na anayeijua tofauti yake anaweza kukisoma kivuli hata pale kamera iliponyamaza. Wa kwanza ni mwanga wa anga. Anga ni taa pana ya buluu inayomwaga mwanga wake kutoka juu, na kila uso ulioelekea juu huupokea zaidi. Ndiyo maana migongo ya vidato ilikuwa ya samawati ilhali nyuso zake za mbele, zilizosimama wima, hazikuwa hivyo. Wa pili ni mwanga unaorudishwa. Bapa la jua juu ya ukuta wa kushoto halikuishia pale. Liligeuka kuwa taa ya pili, yenye rangi ya ukuta wenyewe, likautupia ukuta wa kulia joto lake kuvuka kichochoro. Kadiri mtu anavyosogea mbali na bapa hilo, ndivyo joto linavyopungua na ubuluu wa anga kuchukua nafasi yake. Kwa maneno mengine, kivuli kimoja kilikuwa na mteremko mzima wa rangi, kutoka kutu hadi urujuani, na mchoro wa kwanza ulikuwa umeufunika wote kwa kijiti kimoja cheusi.

Hapa jicho pia lina mchango wake. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya rangi za nguo katika karakana za Gobelins huko Paris, alichapisha kazi yake juu ya namna rangi mbili zinazopakana zinavyobadilishana mwonekano: kila moja humsukuma jirani yake kuelekea rangi iliyo kinyume chake. Ukuta wenye rangi ya machungwa hukifanya kivuli kilicho kando yake kionekane cha buluu zaidi ya kilivyo, na kivuli cha buluu huuwasha ukuta. Kamera hairekodi msukumano huo, kwa kuwa unatokea ndani ya mtazamaji. Lakini mchoraji akiziweka rangi hizo mbili ubavu kwa ubavu, msukumano unatokea upya mbele ya macho ya mtazamaji wa mchoro. Nyeusi haina uwezo wa kufanya hivyo kwa kiasi kile, na hapo ndipo ninapoona hasara kubwa ya mchoro wa kwanza, kwamba weusi wake uliunyang'anya ukuta jirani ambaye angeuwasha.

Asiyekuwa na picha ya pili asikate tamaa. Kanuni za mwanga hazibadiliki kwa kusafiri, na ukuta wowote ulio kivulini ukitazamana na ukuta unaopigwa na jua la jioni utafundisha jambo hilohilo kwa muda mfupi wa kusimama na kutazama. Mchoraji huyu alifanya yote mawili, na nadhani kule kusimama kulimsaidia zaidi.

Mchoro wa pili

Kabla ya kugusa karatasi mpya, alichora vijichoro vidogo vya penseli, kila kimoja kikubwa kama kisanduku cha kiberiti, akitumia viwango vinne tu vya mwanga na giza. Kiwango hicho, ambacho nitakiita toni, ni jambo tofauti na rangi: kijiti cha buluu na kijiti cha kutu vinaweza kuwa na toni moja, na vikigeuzwa kuwa picha isiyo na rangi vitakuwa kijivu kilekile. Katika vijichoro hivyo kichochoro kizima kilipewa toni ya tatu, bapa la ukuta likapewa ya kwanza, anga, bahari na kilima vikagawana ya pili, na toni ya nne, nzito kuliko zote, ikatengewa mlango mmoja tu upande wa kulia. Uamuzi huu ndio uliobeba kazi nzima. Kivuli kilipokubaliwa kuwa eneo moja lenye toni moja, kiliweza kupokea rangi nyingi bila kusambaratika.

Fremu nayo ilikatwa. Sehemu ya chini ya picha, yenye vidato vitatu vikubwa vilivyokuwa karibu na miguu ya mpiga picha, iliondolewa, pamoja na sehemu ya anga yenye nyaya. Kilichobaki kilitoshea sentimita 28 kwa 35. Kiti kilitoka, bomba likabaki kwa sababu mstari wake wima ulisaidia kuonyesha urefu wa ukuta, na mtu mwenye koti jekundu akatolewa. Wengine wangemwacha kwa kuwa nyekundu huvuta jicho. Nami nakubaliana na uamuzi wa kumtoa kwa sababu hiyohiyo, kwani katika mchoro ambao habari yake ni mwanga juu ya ukuta, koti hilo lingekuwa habari ya pili inayoshindana na ya kwanza.

Kuzinyoosha kuta kulihitaji kuelewa jambo ambalo gridi ingelificha. Mistari yote iliyolala sawa, kama vizingiti vya madirisha na matabaka ya mawe, huelekea kwenye upeo wa bahari, kwa maana upeo huo daima uko usawa wa macho ya anayetazama, hata akiwa anatazama chini. Lakini ngazi inateremka, na kingo za ngazi inayoteremka hukutana mahali palipo chini ya upeo. Mtu akizielekeza kingo hizo kwenye upeo wenyewe, ngazi hugeuka kuwa sakafu yenye milia. Mchoraji alipiga mistari miwili ya mkaa kwa rula, mmoja wa upeo na mwingine chini yake kwa ajili ya ngazi, na kutoka hapo akajenga kichochoro upya kwa mkono huru, kuta zikiwa wima. Kilima alikirefusha kidogo kwenda juu bila kukishusha chini ya upeo. Je, huo ni uongo? Ni urekebishaji wa uongo wa lenzi, na mradi mashua za bandarini zimebaki na ukubwa wake, sioni wa kumlalamikia.

Karatasi ya mara hii ilikuwa ya msasa, aina ya UART ya daraja la 400. Karatasi ya namna hii hushika matabaka mengi, na huvumilia kuloweshwa. Aliweka kwanza pasteli ngumu kwa wepesi, kisha akaiyeyusha kwa brashi iliyochovywa katika spiriti, ambayo hukauka upesi na kuiacha karatasi na mkwaruzo wake. Chini ya kivuli alitandaza zambarau yenye wekundu. Chini ya ukuta wa mwanga, manjano iliyoiva. Chini ya bahari na kilima, waridi hafifu. Tabaka hili halikukusudiwa kuonekana moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa kuchungulia katika nafasi zitakazoachwa na mistari ya juu, ili buluu ya kivuli isiwe baridi tupu.

Juu yake kikaja kivuli chenyewe, kwa vijiti vitatu: urujuani wenye kijivu, hudhurungi ya kutu, na kijani kilichofifia. Alivipima vyote kwa kuvichora kwenye kipande cha karatasi na kukipiga picha isiyo na rangi, akakataa kijani cha kwanza kwa kuwa kilikuwa cheupe mno kwa toni. Kisha akaviweka kwa mistari iliyoachana, bila kusugua: urujuani ukitawala migongo ya vidato, kutu ikitawala ukuta wa kulia mkabala na bapa la jua, na vyote vikipishana katikati. Kusugua kwa kidole si dhambi, lakini hulaza chembe za unga na kuziunganisha kuwa rangi moja iliyokufa, ilhali mistari iliyoachwa wazi huchanganyika machoni ikiwa bado na uhai wake. Chardin, mchoraji Mfaransa wa karne ya 18 aliyegeukia pasteli katika miaka ya 1770 macho yake yalipodhoofika, alijichora mwenyewe kwa mistari inayoonekana wazi, ya buluu na kijani pasipotarajiwa, na uso ukasimama. Degas, Mfaransa mwingine wa karne iliyofuata, alikwenda mbali zaidi, akiweka dawa ya kukazia unga kati ya tabaka na tabaka ili mstari mpya usiuvuruge wa chini. Na inafaa kukumbuka kwamba Degas huyohuyo alikuwa mpiga picha mwenye bidii katika mwaka 1895, tena bila kuiruhusu kamera imchagulie rangi.

Ukuta wa jua ulikuja baadaye, na kwa kujizuia sana. Rangi yake kuu ilikuwa machungwa yaliyopauka, yenye giza kuliko karatasi nyeupe kwa kiasi kinachoonekana wazi, ikipishana na manjano na waridi. Nyeupe haikutumika. Mwishoni kabisa, kijiti laini kuliko vyote, cha manjano inayokaribia weupe, kilikandamizwa mara chache kando ya ukingo wa juu wa bapa, mahali mwanga unapokutana na kivuli, na mchoro mzima ukawaka. Utaratibu huo wa kuanza na vijiti vigumu na kumaliza na vilivyo laini unatokana na tabia ya karatasi: unga wa kijiti laini ukiziba mkwaruzo mapema, kijiti kigumu hakina tena pa kushika.

Kingo zilipewa uangalifu usio sawa, na ndivyo ilivyofaa. Ukingo wa bapa la mwanga ulikatwa mkali. Kingo za ndani ya kivuli, kati ya mlango na ukuta au kati ya kidato na kidato, ziliachwa ziyeyukiane. Programu ya simu hunoa kingo zote kwa pamoja, kilima cha ng'ambo kikiwemo, na katika picha miti ya kilimani ilihesabika. Katika mchoro kilima kilibaki umbo moja la buluu iliyopauka, kwa kuwa hewa iliyo kati yake na mtazamaji hutawanya mwanga wa buluu na kuyafifisha mengine, na umbali huo ndio unaokifanya kichochoro kionekane cha karibu.

Si kila kitu kilifaulu. Anga lilifanyiwa kazi kupita kiasi. Ukilitazama kwa ubavu unaona limesuguliwa mahali ambapo mistari michache ingetosha. Na mtu aliyebaki kwenye ngazi, aliyechorwa kwa penseli ya pasteli pamoja na vidole vyake vyote, alisimama kama amebandikwa. Nilimwambia mchoraji hivyo, naye akaleta hoja kwamba watazamaji humpenda mtu huyo. Nadhani wanampenda kwa sababu ndiye kitu pekee wanachoweza kukitaja kwa jina.

Kukazia, fremu, na haki

Dawa ya kukazia ilinyunyizwa mara moja, kwa wepesi, kabla ya manjano ya mwisho kuwekwa, kwa kuwa dawa hiyo hutia giza rangi nyepesi kuliko zote na ingeuzima ukingo ule uliogharimu subira. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukiinamia mbele kidogo ili vumbi lianguke kwenye karatasi iliyokunjwa chini yake badala ya kuteremka juu ya mchoro. Vumbi hilo halipulizwi kwa mdomo, kwa sababu baadhi ya rangi hutengenezwa kwa madini kama kadimiamu, ambayo hayatakiwi mapafuni. Fremu ilipata kioo halisi, kikitenganishwa na mchoro kwa kipande chembamba kilichofichwa ukingoni. Plastiki ya akriliki ya kawaida ni nyepesi kubeba, lakini umemetuli wake huvuta unga kutoka kwenye karatasi.

Picha ilikuwa yake mwenyewe, kwa hiyo hakukuwa na ruhusa ya kuomba. Ingekuwa ya mtu mwingine, hata iliyookotwa kwenye intaneti, Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao asili yake ni mwaka 1886 na ambao leo unazilinda pia picha za kamera, unampa mpiga picha haki juu ya kazi inayotokana na yake, na kubadilisha chombo kutoka lenzi hadi pasteli hakuifuti haki hiyo.

Kabla fremu haijafungwa, mchoraji alimrudia yule mtu wa kwenye ngazi. Pasteli haikauki kama mafuta, na unga ulioshikwa na msasa unaweza kuondolewa kwa brashi ngumu mpaka tabaka la chini litokee tena. Alimfuta, zambarau ya mwanzo ikarudi, kisha akamweka upya kwa mistari mitatu: urujuani kwa mwili, kutu upande unaotazamana na ukuta wa jua, na doa la manjano begani. Vidole havikurudi.